Ophthalmology: unalikata wapi, na ni p au f?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma utabibu, mwaka wa pili, na nimeanza zamu za kliniki ya macho. Neno "ophthalmology" linanitesa. Kitabu chetu cha istilahi kinalikata ophthalm/o/logy, kamusi ninayoitumia inalikata oph-thal-mol-o-gy. Daktari mmoja anasema "op-thal", mwingine "of-thal", na mimi nikisema "ofthalmoloJIa" wenzangu wanacheka. Lipi ni sahihi? Halafu mbona "phthisis" ina herufi zilezile nne, lakini wanaitamka kana kwamba ph haipo?

Jibu: Marahaba. Kitabu chako na kamusi yako havigombani, kila kimoja kinakata kitu chake. Kitabu cha istilahi kinakata maana: ophthalm ni jicho, o ni irabu unganishi iliyotiwa katikati ili vipande vishikane, na logy ni elimu ya jambo fulani. Kamusi inakata sauti. Mkato wa kwanza unakusaidia kufahamu neno usilowahi kukutana nalo, wa pili unakusaidia kulisema. Shida huanza pale mwanafunzi anapouchukua mkato wa maana akautumia kutamkia: anasema "ophthalmo", anatua kidogo, kisha "logy". Wasikilizaji watamwelewa, ila neno amelivunja mahali ambapo wenye Kiingereza chao hawalivunji kamwe.

Iangalie hiyo l ya "logy". Kwa asili ni mali ya kipande cha mwisho, kile kilichotokana na logos ya Kigiriki. Kwa matamshi ya Kiingereza imevutwa nyuma ikaenda kufunga silabi iliyotangulia, tukapata "mol". Silabi hiyo ina m iliyotoka kwenye jicho, o ya kuunganishia, na l iliyotoka kwenye elimu. Kimaana ni takataka tupu, haina tafsiri yoyote. Lakini ndiyo silabi yenye mkazo, na ukiikosa hiyo umelikosa neno zima.

Jambo hili halihusu maneno ya hospitali peke yake. Helikopta wengi hudhani ni "heli" na "kopta". Vipande vyake vya Kigiriki ni heliko, kitu kilichojisokota, na pter, bawa. P na t za bawa ulimi umezitenganisha: p imebaki nyuma na "kop", t imekwenda mbele na "ta". Bawa hilohilo utalikuta kwenye kliniki yako, katika pterygium, ule utando wa nyama unaoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea kwenye sehemu angavu ya mbele, konea, wenye umbo la bawa dogo. Hapo p iko mwanzoni mwa neno. Nyuma yake hakuna silabi ya kuipokea, na Kiingereza kinaimeza: te-RIJ-i-am.

Sasa umeshapata nusu ya jibu lako kuhusu "phthisis". Kiingereza hakikubali silabi ianze na mikusanyiko fulani ya konsonanti ambayo Kigiriki kinaianza bila taabu: pt, pn, ps, phth. Mkusanyiko wa namna hiyo ukija mwanzoni mwa neno, herufi ya kwanza inanyamaza. Ukija katikati, silabi ya nyuma inaibeba herufi hiyo na sauti yake inarudi. Ndiyo maana p ya "pneumonia" haisikiki lakini ya "apnoea", kusita kwa pumzi, inasikika, kwa kuwa a iliyotangulia imeipa pa kukaa: ap-NI-a. Ndiyo maana "ptosis", ile kope iliyolegea ikashuka, hutamkwa TO-sis, ilhali "haemoptysis", kukohoa damu, ni hi-MOP-ti-sis. Herufi imenyamaza au imesema kutegemea mpaka wa silabi umepita wapi. Watu wengi hukariri orodha ndefu ya "herufi zisizotamkwa", wakati kanuni moja ingewatosha.

Basi "phthisis" iko mwanzoni, ph haina pa kwenda, inabaki THAI-sis au TAI-sis. Kamusi zinakubali zote mbili. Zamani lilikuwa jina la kifua kikuu, na kwenye macho utalisikia katika "phthisis bulbi", jicho lililosinyaa na kufa baada ya jeraha au ugonjwa mzito. Katika "ophthalmology", ile o ya mwanzo ndiyo inayoiokoa ph: oph-thal.

Niongeze jambo litakalokufurahisha au kukuudhi. Wagiriki wenyewe, wakilikata neno lao ophthalmos mwishoni mwa mstari, wanaandika o-phthal-mos. Kanuni yao inasema hivi: konsonanti mbili zikikutana kati ya irabu, na zikawa zinaweza kuanza neno la Kigiriki, zote huenda mbele. Ph na th pamoja huanza maneno yao kadhaa, ikiwemo hiyo phthisis, kwa hiyo haziachanishwi. L na m haziwezi kuanza neno, kwa hiyo zinaachana. Una mikato mitatu ya jicho moja, na kila mmoja ni halali kwa wenyewe. Hata Waingereza na Wamarekani hawalingani wanapokata neno mwishoni mwa mstari, kwa kuwa wachapaji wa Uingereza wamezoea kuheshimu asili ya neno, na wa Marekani wanafuata matamshi. Vile vinukta vya katikati ya neno unavyoviona kwenye kamusi za Kimarekani kazi yake hasa ni hiyo, kuonyesha mahali pa kuweka kistari. Matamshi yenyewe kamusi huyaandika pembeni kwa alama nyingine, hivyo ukitaka sauti, hizo ndizo za kusoma.

Tuje kwenye p na f. Daktari wako anayesema "op-thal" hajakosea kiasi hicho unachodhani. Katika Kigiriki cha kale, herufi phi haikuwa f. Ilikuwa p yenye mpumuo, yaani midomo inafunga, inapasuka, na pumzi inafuata. Theta nayo ilikuwa t yenye mpumuo. Warumi walipoyachukua maneno hayo waliandika ph na th kwa sababu masikio yao yalisikia p na pumzi, t na pumzi. Wangesikia f wangeandika f, maana walikuwa nayo. Kuna kisa cha mahakamani anachokisimulia Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa Roma wa karne ya 1: Cicero, wakili na msemaji mashuhuri wa Roma, alimdhihaki shahidi mmoja Mgiriki kwa kuwa alishindwa kutamka herufi ya kwanza ya jina Fundanius. Shahidi alikuwa na ph yake, f hakuwa nayo.

Kama ulikulia kwenye Kiswahili cha pwani, sauti hiyo unayo tayari. Paa la nyumba na paa wa porini huandikwa sawa, lakini wazee wa pwani hawazitamki sawa: ya mnyama ina pumzi baada ya p, ya nyumba haina. Ile ya mnyama ndiyo ph ya Wagiriki wa kale.

Katika karne za mwanzo baada ya Kristo Kigiriki kilibadilika. Ph ikawa f, na th ikawa th yetu ya "thamani". Wazungu wa karne za baadaye wakayarithi maandishi ya zamani na matamshi mapya, na hapo ndipo "of-thal" ilipotokea. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie matamshi fulani ndiyo "asili". Neno lenyewe "ophthalmology" halikuwapo kwa Wagiriki wa kale, limeunganishwa na wasomi wa Ulaya kwa vipande vya Kigiriki, kama ilivyokuwa kwa majina mengi ya fani za tiba. Hata vifaa vilipitia njia hiyo. Hermann von Helmholtz alipokitangaza mwaka 1851 kifaa chake cha kutazamia ndani ya jicho alikiita kwa Kijerumani chake, Augenspiegel, kioo cha macho. Jina la ophthalmoscope lilikuja baadaye.

Lakini kwa nini Waingereza wengi, wakiwemo madaktari, wanarudi kwenye p? Sababu iko mdomoni. Weka kiganja mbele ya midomo yako. Sema f na uivute: meno ya juu yamekaa juu ya mdomo wa chini, pumzi inapenya mfululizo. Bila kukata pumzi, toa ncha ya ulimi katikati ya meno uingie kwenye th. Umehama kutoka mkwaruzo mmoja hadi mwingine bila kupumzika popote, na midomo na ulimi vyote vimesogea kwa wakati mmoja. Ni kazi ngumu kwa mdomo wowote. Anayesema "op-thal" amejipunguzia mzigo: amefunga midomo kwanza, akaweka kituo, kisha akaingia kwenye th akiwa na nafasi. Sauti mbili za aina moja zikifuatana, lugha nyingi hubadilisha mojawapo.

Wagiriki wa leo nao wamefanya hivyohivyo, ila wamebadilisha ile ya pili. Katika maneno yao ya kila siku f na th zikikutana mara nyingi th inageuka t. Lugha nyingine za Ulaya zimefuata mkondo huo: Kihispania na Kiitaliano vinaandika na kutamka "oftal", Kirusi pia, na Kifaransa kimeiondoa h ya pili hata kwenye maandishi, "ophtalmologie". Kiingereza kimebaki na herufi zote, na watumiaji wake wakajipunguzia mzigo upande wa kwanza.

Hali hiyohiyo utaiona kwenye "diphtheria", dondakoo. Wapo wanaosema "dif-thi-ri-a" na wapo wa "dip-thi-ri-a". Jina limetoka kwenye neno la Kigiriki la ngozi iliyotengenezwa, kwa ajili ya ule utando mgumu unaofunika koo. Mfaransa Pierre Bretonneau ndiye aliyeuita ugonjwa huo kwa jina la asili hiyo, mwaka 1826.

Maoni yangu: ukizungumza Kiingereza, sema "of-thal". Kamusi nyingi zinaiweka hiyo mbele, na ina faida nyingine ambayo mimi naiona kubwa zaidi, kwamba anayetamka f haisahau h anapoandika. Makosa ya tahajia niliyoyaona mara nyingi zaidi kwenye neno hili ni mawili. La kwanza ni "opthal", lisilo na h ya kwanza, na karibu kila anayeliandika hivyo analitamka kwa p. La pili ni kuidondosha l ya kwanza, "ophthamology", na hilo nalo linatoka mdomoni, kwa kuwa wazungumzaji wengi wa Kiingereza huimeza l iliyo kabla ya m. Wewe huna sababu ya kuimeza. Unasema "almasi" kila unapotaka na hakuna kinachokwama. Thal-mol, l mbili, zote zisikike.

Kuhusu th yenyewe, hapa Mswahili ana bahati. Wanafunzi wengi duniani huhangaika mwaka mzima na sauti hiyo kwa sababu lugha zao hazina. Sisi tunaitumia kwenye thelathini, methali na thawabu. Ukiona inakushinda katika "ophthalmology", tatizo ni jirani yake f. Zoeza mpito huo peke yake: "f-th, f-th, of-tha, of-thal".

Na ukizungumza Kiswahili? Hapo mambo yanabadilika, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzako wanaokucheka. Kiswahili kinapenda silabi iishie kwenye irabu, lakini kwa maneno ya kukopa kimeshazoea silabi funge: lab-da, mak-ta-ba, daf-ta-ri. Hiyo daf-ta ina f na t zimekutana, tena unaitamka tangu darasa la kwanza. Kwa hiyo of-tal-mo-lo-ji-a inakaa ulimini bila kuongeza irabu popote. Sioni haja ya "ofuthalumolojia" ninayoisikia kwa baadhi ya watu, inarefusha neno ambalo tayari ni refu. Anayetaka kubaki na th, "ofthalmolojia", sina ugomvi naye. Kwa mgonjwa, vyovyote iwavyo, utasema tiba ya macho au daktari wa macho, na neno zima litabaki kwenye cheti na kwenye mazungumzo ya wenye fani.

Mkazo wako wa -JI- ni sahihi kabisa kwa Kiswahili. Silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo yenye mkazo kwetu: bi-o-lo-JI-a, sai-ko-lo-JI-a, of-tal-mo-lo-JI-a. Wanaokucheka wanapima Kiswahili kwa mizani ya Kiingereza. Na hata wangepima kwa Kigiriki wangeshindwa, maana Mgiriki wa leo anasema ofthalmoloGIa, mkazo palepale ulipouweka wewe, na Mhispania vilevile. Kiingereza ndicho kilichouhamisha.

Kosa litakuwa lako pale tu utakapoubeba mkazo huo kuuingiza kwenye sentensi ya Kiingereza. Kule kanuni ya -logy ni hii: hesabu silabi tatu kutoka mwisho, hapo ndipo penye mkazo. Of-thal-MOL-o-ji. Kar-di-OL-o-ji. Pa-THOL-o-ji. Familia nzima ya viishio vya namna hiyo inatii, -scopy, -tomy, -graphy, -pathy, -metry. Kwa hiyo mkazo wa neno moja unatembea kadiri unavyolirefusha. Kifaa ni of-THAL-mo-skop, kukitumia ni of-thal-MOS-ko-pi. Kivumishi "ophthalmic" ni of-THAL-mik, kwa kuwa kiishio -ic kinaubandika mkazo kwenye silabi inayokitangulia moja kwa moja. Shina ni lilelile, na mkazo umeshasimama mahali pawili tofauti.

Viishio -itis, -oma na -osis havitakusumbua, kwani vina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama sisi: ke-ra-TAI-tis, glo-KO-ma, TO-sis. Nimeona wanafunzi wakiviweza tangu siku ya kwanza bila kufundishwa, halafu haohao wanashindwa na -logy, na hii ndiyo sababu yake.

Ukitaka kulizoeza neno refu, lianzie mkiani. Sema "ji". Kisha "o-ji". Kisha "MOL-o-ji", na hapo rudia hadi mkazo ukae wenyewe. Ongeza "thal-MOL-o-ji". Mwisho kabisa weka "of" mbele. Ukianzia kichwani, kila mara unaelekea mahali usipopajua, na pumzi inakuishia kwenye silabi yenye mkazo. Ukianzia mkiani, unakuwa unaelekea mahali ulipopasema mara nyingi. Njia hii inafaa pia kwa "xerophthalmia", macho kukauka kwa upungufu wa vitamini A, ambayo watu wanaiogopa bure kwa sababu ya x. Mwanzoni mwa neno Kiingereza kinaitamka z: zi-rof-THAL-mi-a. Tazama tena mkato wa sauti ulivyoiba: r na o za xero, yaani ukavu, zimeungana na ph ya jicho.

Kuna mahali pamoja ambapo ningekuomba uvunje adabu ya mkazo wa Kiingereza. "Exophthalmos" ni jicho lililotokeza nje, "enophthalmos" ni jicho lililozama ndani. Mkazo wa yote mawili uko kwenye THAL, sehemu inayofanana, na tofauti yote imebanwa kwenye silabi ya mwanzo ambayo Mwingereza anaipitia mbio. Kwenye simu yenye mikwaruzo, majina hayo yanaweza kusikika kama jina moja. "Hyper" ya kuzidi na "hypo" ya kupungua yana hatari hiyohiyo, ingawa hapo sisi tuko salama zaidi, kwa kuwa irabu zetu hatuzififishi: "haipa" ni "haipa", na "haipo", kwa bahati nzuri, inajieleza yenyewe kwamba kitu kimepungua. Kwa exo na eno, tenga silabi ya kwanza, iseme polepole, kisha ongeza maneno mawili ya kawaida baada yake, "limetokeza" au "limezama". Na kwenye fomu andika jicho la kulia au la kushoto kwa neno zima, usifupishe.